Mito ya Simiyu Wakati wa Kipupwe

Msafiri apitaye Bariadi mwezi wa Julai, upepo wa kusi ukivuma na asubuhi zikiwa na ubaridi wa kutaka shuka ya pili, huvuka madaraja ambayo chini yake haoni hata tone la maji, naye aghalabu husema moyoni kwamba mito ya nchi hii imekufa. Hukumu hiyo ni ya haraka na ya dhuluma, kwani kipupwe ndicho msimu bora wa kuutazama mto: masika maji ya tope huficha kila kitu, ilhali sasa kitako chake ki wazi, na takataka zilizonasa katika matawi ya miti ya ukingoni zaonyesha dhahiri gharika ilifika kimo gani.

Mto Simiyu, ulioupa jina mkoa ulioundwa mwaka 2012, hutoka upande wa nyika za Serengeti, hupokea maji ya Duma, na kumwagikia Ghuba ya Speke ya Ziwa Viktoria katika wilaya ya Magu. Henry Morton Stanley, alipolizunguka ziwa kwa mashua mwaka 1875, aliuhesabu kuwa chanzo cha Nili kilicho kusini kabisa. Baadaye ikabainika kwamba chemchemi za Kagera, huko Burundi na Rwanda, ndizo za mbali zaidi. Hata hivyo mvua inyeshayo katika mashamba ya pamba ya Bariadi ina njia yake mpaka Misri.

Shuka basi mtoni. Utawakuta akina mama wamechimba shimo mchangani na kulizungushia miiba ili ng'ombe wasilikanyage. Mmoja ameinama akiteka kwa kibuyu taratibu, kisha angoja maji yachujike tena. Mchanga mnene una nafasi nyingi baina ya chembe zake, takriban theluthi ya ujazo wote, na maji yakishuka chini kiasi cha mita moja jua haliyafikii tena. Mto umejificha tu. Wachimbaji hupendelea penye mwamba uliokingama chini ya mchanga, au penye mkuyu uliobaki kijani wakati nyasi zote zimekauka. Hikima hiyo hiyo ndiyo inayowafanya watu wa Machakos na Kitui, nchini Kenya, kujenga kuta za kukinga mchanga mtoni ili wajipatie maji.

Kwa sababu hiyo nasikitika sana nionapo malori yakisomba mchanga wa mito kwa ajili ya ujenzi, maana kila shehena inayoondoka ni sehemu ya ghala la maji la kijiji.

Ukiendelea na safari kupitia Lamadi hadi Musoma, na kutoka hapo ukafika daraja la Kirumi, utauona mto Mara ukiwa na maji hata katika kiangazi, kwa kuwa asili yake ni misitu ya Mau, Kenya, ambayo huyashika maji ya mvua na kuyaachilia kidogo kidogo. Mto Simiyu hauna msitu kama huo nyuma yake. Msitu wake ni mchanga.

Akaaye karibu na mto na apime kwa fimbo, mara moja kila mwezi tangu Juni hadi Oktoba, kina cha maji katika shimo lile lile, kisha aandike. Akifanya hivyo miaka kadhaa, atajua mapema ni mwaka gani mifugo ihamishwe kabla visima havijakauka.