Barua pepe bila salamu, mteja anahamia kwa jirani

Katika duka la viungo Kariakoo, biashara haianzi na bei. Mteja anaingia, anasalimia, anaulizwa habari za nyumbani na za safari, ndipo anapoingiza mkono kwenye gunia la pilipili manga. Mzee mwenye duka anaitikia marahaba, na kijana aliyepita bila kuamkia ataona tofauti yake wakati wa kupunguziwa. Taratibu hizi hazikuandikwa popote, lakini anazijua mpagazi wa mtaa wa Kongo na anazijua mnunuzi aliyetoka Lubumbashi au Moroni.

Duka hilo hilo likipokea barua pepe, taratibu zote husahaulika.

Chukua mfano wa mnunuzi wa Ulaya anayetafuta pilipili manga ya Muheza. Anauliza mambo matano: ni tani ngapi zilizopo, lita moja ya punje ina uzito wa gramu 500 au 550, unyevu ni asilimia ngapi, mzigo unafungwa katika mifuko ya kilo ngapi, na kama kutakuwa na cheti cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA). Siku mbili baadaye anajibiwa: "MZIGO UPO BEI POA PIGA SIMU". Hakuna salamu, hakuna jina la aliyeandika, wala hakuna swali lililojibiwa zaidi ya kwamba mzigo upo.

Kwa mtu wa Kariakoo jibu hilo linatosha, kwa kuwa duka analifahamu na akitaka atavuka barabara akaone mwenyewe. Mnunuzi wa mbali hana barabara ya kuvuka. Mbele yake ana barua nyingine kutoka Vietnam, nchi inayoongoza duniani kwa zao hilo, pamoja na Brazil na India, zilizojibu maswali yote matano kwa mpangilio ule ule alioyauliza. Hatukani mtu wala halalamiki. Anaagiza kwingine tu, na mwenye duka anabaki akisema wazungu hawana maneno ya kweli.

Ajabu ni kwamba ustaarabu wa kuandika barua si mgeni katika jiji hili. Makarani wa ofisi za Posta na mtaa wa Samora, tangu enzi za mashine za taipu, walijua kwamba barua haitoki bila "Kumb. Na." na "Yah:", na kwamba chini yake huandikwa "Nakala kwa" nani. Kile kistari kinachoachwa wazi juu ya barua pepe nyingi ndicho "Yah:" ile ile. Barua yenye kichwa "Bei ya pilipili manga, tani 5, Muheza" itaonekana hata baada ya wiki tatu mnunuzi akiitafuta. Ile yenye kichwa "Habari", au isiyo na kichwa kabisa, itazama katikati ya mamia ya nyingine.

Salamu nazo zinahitaji kipimo. Zile za barua za zamani, za kuulizana afya aya nzima, zinamchosha msomaji anayesubiri bei. Mstari mmoja unatosha. "Ndugu" bado ni neno zuri, hasa pale mwandishi asipojua kama anayemwandikia ni mwanamke au mwanamume. "Mpendwa" limetafsiriwa kutoka Kiingereza na kwa wengi linanukia barua ya uchumba. "Boss" na "mkuu" yabaki kibarazani na kwenye ujumbe wa simu, ambako yamezoeleka. Aidha, anuani yenyewe ni sehemu ya salamu. Kijana aliyefungua anuani ya utani katika mikahawa ya intaneti miaka ya 2000 akajiita mfalme wa warembo, leo anaitumia anuani hiyo hiyo kuomba mkopo wa trekta.

Lipo pia suala la saa, ambalo huwaponza hata waandishi wazuri. Mswahili akiandika kwa Kiingereza kwamba mzigo utakuwa bandarini saa 3, ana maana ya asubuhi, lakini wakala wa meli aliyeko Mumbai anaelewa saa 9 alasiri. Ni vyema kuandika 09:00 na kutaja kuwa ni saa za Dar es Salaam. Guangzhou, ambako wengi wa wafanyabiashara wa Kariakoo huagiza bidhaa, iko mbele kwa saa tano. Anayesubiri mpaka saa 6 mchana kujibu barua ya asubuhi anamkuta mwenzake katika saa 11 jioni, akifunga ofisi. Kama bei bado haijapatikana, mistari miwili ya "Nimeipata barua yako, nitakujibu kesho kabla ya saa 12:00" inamzuia mteja kwenda kwa jirani.

Hasara nyingine hutoka kwenye maneno ya barua za nyuma yanayobaki chini ya jibu. Baba anamwandikia karani wake: "Usishuke chini ya bei hii." Karani anaandika jibu zuri lenye adabu zote, analituma kwa mteja, na maelekezo ya baba yanaonekana chini kabisa ya barua hiyo hiyo. Hapo majadiliano ya bei yamekwisha kabla ya kuanza.

Wengi huichukulia barua pepe kama maneno ya barazani yanayopeperuka. Sheria haioni hivyo. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua mikataba inayofungwa kwa njia hiyo, na ujumbe wa kielektroniki unaweza kupokelewa mahakamani kama ushahidi. Neno "sawa, nimekubali" lililoandikwa haraka foleni ya Msimbazi linaweza kuwa ahadi ya tani 5.

Hata hivyo, pesa nyingi zaidi huenda pale ambapo adabu inamfunga mtu mdomo. Mwizi wa mtandao huingia kimya katika mazungumzo ya muuzaji na mnunuzi, akasoma mpaka ankara ya proforma itoke, kisha akaandika kutoka anuani inayotofautiana kwa herufi moja tu: akaunti yetu imebadilika, tafadhali lipeni huku, na ni haraka. Kwa mwaka 2023 pekee, hasara zilizoripotiwa kwa Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, kutokana na utapeli wa aina hii zilizidi dola bilioni 2.9.

Karani wa Kariakoo mara nyingi anahisi kitu. Mzee wa upande wa pili, ambaye siku zote huuliza habari za watoto, leo ameandika mistari mitatu mikavu ya kuhimiza malipo. Lakini kumuuliza mzee huyo kama akaunti ni yake kweli kunaonekana ni kumshuku, na katika biashara iliyojengwa kwa kuaminiana miaka kumi, hilo ni tusi. Basi karani ananyamaza, analipa.

Dawa yake ni kuifanya simu kuwa sehemu ya utaratibu, isiwe tuhuma. Duka linaweza kuandika chini ya kila barua yake kwamba mabadiliko ya akaunti huthibitishwa kwa simu kabla ya malipo, kwa pande zote mbili. Hapo kijana anapiga, anatoa shikamoo yake kamili, anauliza hali, kisha anasoma tarakimu za akaunti moja baada ya nyingine. Namba ya kupiga ni ile iliyo kwenye kadi ambayo mzee aliiacha dukani siku alipokuja, si ile iliyoandikwa chini ya barua yenye akaunti mpya.