Njia Mbili za Kuufikia Uhandisi

Mwanafunzi wa Temeke au Kinondoni amalizapo kidato cha nne, mara nyingi hudhani uhandisi una njia moja tu: kidato cha tano na cha sita, kisha Chuo Kikuu. Njia hiyo ina mtego. Achaguaye tahasusi ya Fizikia, Kemia na Baiolojia huelekea udaktari. Uhandisi hudai Hisabati ya Juu, na miaka miwili baadaye uchaguzi huo haurekebishiki kwa urahisi.

Njia ya pili wazazi wengi huidharau, bila haki. Chuo cha Ufundi cha mwaka 1957, ambacho mwaka 1997 kiligeuzwa kuwa Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, hupokea waliofaulu sayansi na hisabati kidato cha nne kwa stashahada ya miaka mitatu. Ahitimuye vyema aweza kuomba shahada ya uhandisi, akiwa tayari amezoea karakana.