Kusafiri katika Wakati: Neno Ejo na Uundaji wa Istilahi za Kiswahili nchini Rwanda

1.0 Utangulizi

Je, mtu aweza kusafiri katika wakati? Swali hili hujibiwa na fizikia, lakini huulizwa kwa lugha. Tangu Kiswahili kifanywe lugha rasmi nchini Rwanda mwaka 2017, mwalimu wa Kigali ana lugha mbili za Kibantu za kulielezea: Kiswahili, kinachotenga jana na kesho, na Kinyarwanda, kinachoziita zote ejo. Makala haya yanadai kwamba hakuna kati ya lugha hizi inayozuia dhana hiyo kufikirika. Kinachopotosha ni istilahi moja kubebeshwa dhana mbili zenye uthibitisho usiolingana.

2.0 Safari mbili

Safari ya kwenda wakati ujao imekwisha kupimwa. Mwaka 1905 Albert Einstein alibashiri kwamba saa iliyo katika mwendo huenda polepole kuliko iliyotulia. Mwaka 1971 Joseph Hafele na Richard Keating walizizungusha saa za atomu duniani kwa ndege za abiria. Zilipoelekea mashariki, zilirudi zikiwa nyuma ya saa za ardhini kwa takribani nanosekunde 59. Yaani, ziliifikia siku ileile zikiwa zimehesabu muda mfupi zaidi. Aidha, saa za setilaiti za GPS hutangulia zile za ardhini kwa takribani maikrosekunde 38 kila siku, na lazima zirekebishwe.

Safari ya kurudi wakati uliopita haina ushahidi wa namna hiyo. Mwaka 1949 Kurt Gödel alionyesha kwamba milinganyo ya Einstein inaruhusu ulimwengu wenye njia zinazorejea zilikotoka. Lakini ulimwengu huo wa kihisabati si huu tunaouona. Mwaka 1992 Stephen Hawking alipendekeza kwamba kanuni za maumbile zenyewe huizuia safari hiyo. Suala hilo bado ni la kinadharia.

3.0 Ushahidi wa lugha

John Mbiti, katika African Religions and Philosophy (1969), aliegemea nyakati za vitenzi vya Kikamba na Kikuyu kudai kwamba wakati ujao unaozidi takribani miaka miwili karibu haupo katika fikra za Kiafrika. Kwame Gyekye wa Ghana alilipinga dai hilo kwa ushahidi wa Kiakan. Anayemfuata Mbiti angeweza kulichukua neno ejo kuwa uthibitisho mwingine.

Sarufi ya Kinyarwanda haikubaliani naye. Nzaza ejo ni 'nitakuja kesho'. Naje ejo ni 'nilikuja jana'. Kitenzi ndicho kinachobeba mwelekeo. Utata ukibaki, husemwa ejo hashize au ejo hazaza. Mpango wa akiba ya muda mrefu uitwao EjoHeza, uliozinduliwa mwaka 2018, humtaka mwananchi aweke fedha kwa ajili ya uzee wake, na hakuna anayelisoma jina hilo kuwa 'jana njema'.

Zaidi ya hayo, ha- katika hashize, hazaza na heza ni kiambishi cha mahali, mwenza wa pa- ya Kiswahili. Alexis Kagame alikwisha kuweka mahali na wakati katika kundi moja, ahantu, mwaka 1956. Kiswahili nacho husema alipofika kwa maana ya mahali au ya wakati. Wakati kuwa kama mahali pa kuendea si wazo geni katika lugha hizi.

4.0 Hitimisho

"Safari ya wakati" ni istilahi finyu: mwanafunzi ataamini yote au atakana yote. "Safari ya wakati ujao" nayo yaweza kueleweka kuwa safari itakayofanyika baadaye. Inapendekezwa zitumike "safari ya kwenda wakati ujao" na "safari ya kurudi wakati uliopita", kwa kuwa majina ya nyakati hizo yamekwisha kuzoeleka katika sarufi. Vitabu vya kiada vieleze kwamba ya kwanza imethibitishwa kwa vipimo na ya pili haijathibitishwa. Kamusi za Kiswahili na Kinyarwanda nazo ziorodheshe ejo hashize na ejo hazaza kama vidahizo viwili, kila kimoja na maana yake.