Benzi la mtumba: Kulinunua si kazi, kazi kulilea!

UKIPITA Karatu mjini wakati vitunguu vya Mang'ola vimelipa, utajua tu. Baa zinachangamka, mafundi wa kuezeka wanakuwa adimu, na vijana waliokuwa wanagombea bodaboda wanaanza kuulizia magari. Zamani jibu lilikuwa moja, tafuta Toyota. Siku hizi dalali anakuja na picha kwenye simu: BMW, Benzi, Audi, Volvo. Viti vya ngozi, paa la kufunguka, redio ya nguvu, na bei eti ni ileile ya Premio ya jirani. Sasa hapo nani atakataa kutesa?

Mpenzi msomaji, wiki hii tuzungumze kabla hujatoa ngawira zako. Swali lenyewe ni fupi. Una familia hapa Karatu, Rhotia au Oldeani, na pesa uliyonayo ni hiyohiyo. Ununue gari la kawaida la mtumba, au la kifahari la mtumba? Bei aliyokutajia dalali haitakupa jibu. Jibu utalipata kwenye miaka mitano inayofuata, wakati dalali ameshachukua chake na namba yake ya simu haipatikani.

BEI IMESHUKA, SPEA HAZIJASHUKA

Kwanza tujiulize, kwa nini Benzi lililokuwa la wakubwa leo linauzwa sawa na gari la mwalimu? Huko Japani na Uingereza linakotoka, mwenyewe alilinunua jipya kwa pesa nyingi. Akalitumia muda ambao kiwanda kilikuwa kinalitengeneza bure likiharibika. Muda huo ulipokwisha, akaliuza mapema kabla matengenezo makubwa hayajabisha hodi. Na kwao pia watu wanaogopa kununua gari la namna hiyo likizeeka, kwa hiyo bei inaanguka kwa kasi.

Hapo ndipo mtego ulipo. Bei ya gari imeanguka lakini bei ya spea zake haikuanguka nayo. Shokapu ya Benzi haijui kwamba gari lako ni la mwaka 2008 na limeshabadilisha mikono mara nne. Unanunua kwa bei ya Premio halafu unalea kwa bei ya Benzi. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Na vilivyoundwa kwa gharama hutengenezwa kwa gharama.

Upande wa pili angalia Toyota. Injini moja tu, ile ya cc 1,500 inayoitwa 1NZ-FE, imefungwa kwenye Premio, Allion, IST, Fielder, Probox, Raum na Sienta. Maana yake fundi akiijua moja, ameshajua magari saba. Mwenye duka la spea anaweka kitu kimoja na kumuuzia kila mtu. Na mtu akipata ajali Dar es Salaam, gari lake linachinjwa na vipande vinaishia Gerezani na Ilala, kisha vinapanda basi kuja huku. Injini ya marehemu inaendelea kupiga misele Karatu!

BARABARA ZETU ZINA MENO

Watu wa mjini wanaweza kusema mwandishi anatia chumvi. Waje huku. Kweli lami tunayo. Ile ya kutoka Makuyuni kupitia Mto wa Mbu mpaka geti la Ngorongoro ilijengwa kwa msaada wa Japani mwanzoni mwa miaka ya 2000, na imetuokoa sana. Lakini nani anaishi juu ya lami? Ukikata kona kwenda Mbulumbulu, Endabash au Mang'ola unakutana na makorongo na mawe wakati wa kiangazi, na masika ule udongo mwekundu unateleza kama sabuni.

Halafu kuna kupanda. Mto wa Mbu iko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Karatu iko kwenye mita 1,500 hivi. Ukingo wa kreta ya Ngorongoro unafika mita 2,300 na zaidi. Ukitoka Mto wa Mbu na familia nzima, magunia mawili na mbuzi wa sikukuu, injini inachemka kwelikweli kwenye ule mlima wa Bonde la Ufa. Magari mengi ya kifahari yana vipande vya plastiki kwenye mfumo wa kupozea maji. Vikifikisha miaka 15 vinakauka na kupasuka. Ukiona mtu amefungua boneti njiani pale juu, mvuke unatoka na watoto wamekaa kwenye majani, jua hesabu imeanza.

Na matairi je? Premio inavaa tairi za inchi 14 au 15, ambazo kila duka linazo. Gari la kifahari linavaa inchi 17, 18 mpaka 19, tena nyembamba kama chapati. Mjini zinapendeza, lakini kwenye mawe ya Endabash zinakatwa, na rimu inapinda.

MAJIRANI WAWILI

Tufanye hesabu ya kubuni ili tuelewane. Tuna majirani wawili wa Karatu. Mmoja ana Premio ya cc 1,500, mwingine ana BMW X3 ya cc 3,000. Wote wanakwenda Arusha mara mbili kwa mwezi, na kwenda na kurudi ni kama kilomita 300. Ongeza shule, soko, kanisa au msikiti, shamba na misiba. Tuseme kila mmoja anatembea kilomita 12,000 kwa mwaka.

Premio tuipe kilomita 12 kwa lita. Atatumia lita 1,000. BMW kwa milima yetu tuipe kilomita 8 kwa lita. Atatumia lita 1,500. EWURA hutangaza bei kikomo kila mwezi na bei ya kwetu huwa juu ya ile ya Dar es Salaam, lakini kurahisisha mambo tuchukue shilingi 3,000 kwa lita. Wa Premio anamwaga shilingi milioni 3 kwa mwaka. Wa BMW anamwaga milioni 4 na nusu. Tofauti ni milioni moja na nusu kila mwaka, na kwa miaka mitano ni milioni 7 na nusu. Hapo hakuna kilichoharibika! Gari ni zima, linanguruma vizuri, mwenyewe anatabasamu.

Na usisahau kwamba mwaka 2017 serikali ilifuta ile ada ya 'rodi laisensi' ya kila mwaka na kuiweka kwenye mafuta, shilingi 40 kwa lita. Anayekunywa mafuta mengi ndiye anayelipa zaidi, hata kama hajui.

Twende kwenye oili. Injini ya Premio hii inakunywa kama lita 3.7 kila ukimwaga. Ile ya BMW yenye silinda sita inataka lita 6 na nusu, tena oili ya daraja la juu. Ukifanya servisi tatu kwa mwaka, huyu kanunua lita 11 na mwenzake karibu lita 20. Plagi huyu anabadilisha nne, yule sita. Bandu bandu huisha gogo.

Mwisho ni fundi. Premio ikigoma, mafundi wa hapahapa Karatu wanalijua tatizo kabla hujamaliza kueleza. BMW ikiwasha taa ya injini, inatakiwa kupimwa kwa kompyuta inayoielewa, na baadhi ya vifaa vyake vya umeme hata ukivipata lazima vitambulishwe kwa gari hilo ndipo vikubali kufanya kazi. Kwa hiyo ni Arusha, kilomita 150, pengine juu ya gari la kuvuta. Bado hujalipa hata senti moja ya spea.

WAULIZENI WATU WA UTALII

Kama huniamini mimi, simama barabarani asubuhi. Utaona Land Cruiser moja baada ya nyingine zinaelekea geti la Lodoare, zimerefushwa na kuwekwa paa la kuinuka. Wale wageni wanalipa kwa dola. Kampuni zingeweza kuwapandisha kwenye magari laini zaidi. Mbona nyingi zimeng'ang'ania Land Cruiser za muundo wa zamani, ngumu, zenye injini ya dizeli ya 1HZ ya cc 4,164, isiyo na turbo, ambayo Toyota ilianza kuitengeneza mwaka 1990?

Kwa sababu wale wanaishi kwa hesabu. Gari lenyewe si rahisi, na mafuta linakunywa. Lakini swali lao ni moja: likizima Ndutu saa kumi jioni na wageni ndani, nani atalitengeneza? Kwa gari lile jibu ni dereva mwenyewe, na spana zake. Wewe mwenye familia huhitaji Land Cruiser, ila lile swali lao ni lako pia. Mtoto akizidiwa usiku na daktari akaandika rufaa ya KCMC Moshi, utapanda gari lipi? Lililo uani tayari, au lililokaa juu ya mawe wiki ya tatu likisubiri sensa kutoka nje?

Na wapo wanaojitetea: 'Nataka gari la kuwapeleka watoto kreta.' Sawa, kushuka kreta ni lazima gari linalovuta magurudumu yote manne, na Premio nyingi hazina hilo. Lakini unashuka mara ngapi? Kama ni mara moja kwa mwaka, siku hiyo kodi Land Cruiser na dereva wake, ule raha, urudi. Usilishe farasi mwaka mzima kwa ajili ya siku moja ya mbio.

TUSILIONEE GARI LA KIFAHARI

Haki itendeke. Gari la kifahari lina raha yake na lina usalama wake. Limetulia barabarani, mikoba ya hewa ni mingi, breki ni za uhakika. Tena lenye turbo lina faida huku kwetu. Injini ya kawaida inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa hiyo kule ukingoni mwa kreta Premio imeshapungukiwa kama moja ya tano hivi ya nguvu zake. Ya turbo haisikii sana.

Wala gari la kawaida siyo malaika. Premio iliyonyimwa oili itakufilisi vilevile. Na umbo lake la chini linaachwa na korongo la kwanza baada ya mvua.

Kinachoua gari ni kukosa spea na fundi, hata kama ni imara. Wazee wanaikumbuka Pijo 504. Ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, ikabeba familia za Afrika Mashariki nzima. Leo iko wapi? Spea zilivyoadimika na mitumba ya Japani ikaja, ikaaga. Ilikuwa gari zuri mpaka siku ya mwisho.

Kwa hiyo kama roho yako inataka fahari, ipo njia ya katikati. Toyota Harrier ya mwaka 2003 kuendelea, ile mtaani wanaiita 'Tako la Nyani', ndiyo hiyohiyo iliyouzwa nje kwa jina la Lexus RX. Ukichukua ya cc 2,400 unapata ukubwa na heshima, huku fundi wako akibaki yuleyule. Mafuta itakula kuliko Premio, hilo lipokee. RAV4 nayo ni mwenzake.

KABLA HUJALIPA

Chukua karatasi. Andika vitu vitano: shokapu za mbele, rejeta, pampu ya maji, taa ya mbele na tairi nne. Pigia simu maduka mawili ya spea, moja Arusha na moja Dar es Salaam, uulize bei kwa magari yote mawili unayoyataka. Kitu ambacho wote wawili wanakuambia 'hicho mpaka tuagize', kizungushie wino mwekundu.

Kama unaagiza mwenyewe, ingia kwenye kikokotoo cha TRA kwanza. Injini kubwa inalipa ushuru zaidi, na gari la kuanzia miaka 8 linaongezewa ushuru wa uchakavu.

Halafu muulize fundi wako swali hili: 'Bwana, hili ukilitengeneza hapahapa utaweza?' Akikuna kichwa, umeshajibiwa. Na muulize dalali: 'Nikitaka kuliuza baada ya miaka mitano, nani Karatu atalinunua?' Premio utapata mteja mnadani. La kifahari likianza kukohoa, mteja wako ni wa vyuma chakavu.

Mwisho kabisa, kaeni na mama watoto mezani na hiyo karatasi. Ile milioni 7 na nusu ya mafuta tuliyoipiga pale juu ni ada za shule, ni mabati, ni ng'ombe wa maziwa. Kama baada ya kuiona bado mnaitaka BMW na uwezo upo, nunueni, mtembee kifua mbele, kijiji kizima kitawapungia mkono. Ila akiba ya matengenezo iwekwe pembeni tangu siku ya kwanza, na isiguswe hata kwa harusi ya shemeji.

Kupanga ni kuchagua. Tukutane wiki ijayo, endesha taratibu pale mlimani!