Mchezaji mkali mwenye kesi nyuma yake: universite imuchukue ao imuache?



Leo tuzungumuzie jambo la Marekani ambalo vijana wengi wa hapa kwetu wanafuata kwenye simu: basketi ya mauniversite. Kila mwaka, msimu ukiisha, makocha wanaanza kutafuta wachezaji wapya, na kila mwaka swali lile lile linarudi. Kuna kijana anafunga pointi 20 kila mechi, lakini universite yake ilimufukuza ao ilimusimamisha juu ya kesi fulani. Sasa anatafuta pa kwenda. Tumuchukue?

Watu wanajibu haraka. Mmoja anasema kila mtu anastahili kusamehewa. Mwingine anasema tabia ni ngozi, muache. Mimi naona wote wawili wanatazama kijana peke yake. Mbele ya kumupima yeye, tupime universite: iko na nani wa kumulea, iko na muda gani wa kumujua, na wanafunzi wengine watakuwa salama?

Kwanza tuone kuhama kule kunaendaje. Michezo ya mauniversite mengi makubwa inasimamiwa na shirika liitwalo NCAA. Zamani, mchezaji wa basketi akihama, alikaa mwaka muzima bila kucheza mechi. Alisoma, alifanya mazoezi na wenzake, lakini siku ya mechi alikaa anatazama tu. Wengi waliona ni uonevu, juu kocha mwenyewe aliweza kuhama leo na kesho akaanza kazi kwingine kwa mshahara mukubwa zaidi. Mwaka 2018 ukafunguliwa mfumo wa intaneti ambamo mchezaji anaandikisha jina lake na makocha wote wanaliona. Mwaka 2021 wakaruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa, na mwaka huo huo wakaanza kuruhusiwa kupata feza juu ya majina na sura zao. Mwaka 2024 wakaruhusiwa kuhama hata mara nyingi, ikiwa masomo yao yanaenda muzuri.

Haki ya mchezaji imeongezeka, na hilo ni jema. Lakini ule mwaka wa kukaa ulikuwa na faida moja: kocha alipata muda wa kumujua kijana mbele ya kumuhitaji. Leo anamuchagua kwa majuma machache, na mwezi wa 11 anamutaka uwanjani.

Tuchukue mfano wa Allen Iverson. Yeye hakuhama kutoka universite ingine, alitoka gerezani. Mwezi wa 2 mwaka 1993, akiwa na miaka 17, kulitokea vurugu kati ya vijana weusi na wazungu katika ukumbi wa mchezo wa boulingi huko Hampton, Virginia. Korti ikamupa miaka 15, kumi kati yake ikisimamishwa. Alikaa gerezani miezi 4, halafu gavana Douglas Wilder akamufungulia kwa masharti, na sharti moja lilikuwa amalize sekondari mbele ya kurudi kwenye timu yoyote. Mwaka 1995 korti ya rufaa ilifuta hukumu ile juu ushahidi haukutosha. Lakini mwaka 1994, wakati anatafuta universite, hukumu ilikuwa bado juu ya kichwa chake. Mama yake akaenda kumuomba John Thompson, kocha wa Georgetown, amuokoe mtoto wake. Thompson akakubali.

Munaona, watu wengi wanasimulia hadithi hii wakiishia hapo. Wanasahau kwamba Thompson alikuwa kwenye kazi ile tangu 1972, na kwamba alikuwa na Mary Fenlon, mwalimu aliyesimamia masomo ya wachezaji na kukaa nao hata kwenye benchi siku ya mechi. Waandishi wa habari waliwekwa mbali na vijana. Sisi Wakongomani tunajua mikono hiyo. Dikembe Mutombo alifika Georgetown mwaka 1987 akitoka Kinshasa. Hakuwa na kesi yoyote, lakini hakujua Kiingereza. Mwaka wa kwanza hakucheza, alijifunza lugha. Mwaka 1991 alimaliza na shahada yake. Na Iverson, siku alipoingizwa katika jumba la heshima la basketi mwaka 2016, alimushukuru Thompson kwa kuokoa maisha yake. Kumbe kusamehewa kule kulikuwa na nyumba, mwalimu na sheria.

Sasa tutazame upande mwingine. Mwaka 2014 universite ya Oregon ilimupokea mchezaji aliyekuwa amesimamishwa kwingine juu ya shutuma ya kumushambulia mwanafunzi wa kike. Miezi michache tu, mwanafunzi mwingine wa kike akamushtaki yeye na wachezaji wenzake wawili kwa kumubaka. Wao walikana, na mwendesha mashtaka hakuwapeleka kortini juu aliona ushahidi hautoshi. Universite iliwatoa wote watatu. Yule dada akaishtaki universite, akisema walimuleta mtu wakijua habari zake. Mwaka 2015 wakapatana: dola 800,000, na masomo yake bila kulipa. Sisi hatuwezi kujifanya korti hapa. Lakini tujiulize: siku ile kocha anamutaka mchezaji, nani alikaa kwenye meza akifikiria yule dada?

Mwaka huo huo wa 2015, mauniversite ya kundi la SEC yalikataza kupokea mchezaji aliyefukuzwa kwingine juu ya jeuri ya nyumbani ao ya ngono. Indiana ilifuata na sheria yake mwaka 2017. Njo hapo napenda tutofautishe. Kijana aliyegombana na kocha, aliyeanguka masomo, aliyekutwa na bangi, hatari yake kubwa iko kwake mwenyewe. Aliyeumiza mtu mwingine, hatari iko kwa jirani yake wa bweni, ambaye hakuulizwa kitu.

Kwa hiyo, kama ningekaa kwenye kamati, ningeuliza haya. Tumeongea na watu wa kule alikotoka, si makocha tu, hata walimu wake na yule aliyemushtaki kama anakubali? Kijana mwenyewe anasimulia nini, na anasema "nilifanya" ao "walinifanyia" tu? Nani atakuwa naye saa ine ya usiku, wakati kocha amelala? Na swali la mwisho: akivunjika goti wiki ya kwanza, tutabaki naye mpaka apate shahada? Kama jibu ni hapana, basi tulitaka pointi zake, na tusiite jambo hilo huruma.

Mimi najibu hivi: imuchukue, ikiwa iko na watu na muda, na ikiwa hakuumiza mwingine. Kama aliumiza, basi asome kwanza mwaka bila jezi, chini ya macho ya watu wasiohesabu ushindi. Na universite isiyoweza kumungojea mwaka mmoja, imuache aende kwa wanaoweza.