Hofu ya Shilingi 20

Ukiingia katika duka la kupakia muvi mjini Kisii, iwe karibu na steji au kule Daraja Mbili, hutaona bidhaa yoyote. Kuna kompyuta moja, diski ngumu mbili tatu zinazoning'inia kwa waya, mabango yaliyopauka ukutani, na kijana anayetaka kujua jambo moja tu: unataka za aina gani? Mteja anatoa flashi, analipa shilingi 20 kwa muvi moja, au wanapatana bei ya jumla akitaka ijae. Za mapigano ndizo zinazoongoza, za Kinijeria zina wenyewe, na za kutisha zina folda yao ambayo haikosi mteja. Ajabu ya folda hiyo ni umri wa vilivyomo. Utakuta The Evil Dead ya 1981, vampaya wa Hong Kong wanaorukaruka wa Mr. Vampire ya 1985, mazombi wa miaka ya 1970, zote zikiuzwa kwa bei ileile ya muvi iliyotoka mwezi jana.

Hilo la umri linafaa kumfikirisha mfanyabiashara. Muvi ya mapigano huchakaa. Magari yanayofukuzana yanaonekana ya kale, simu ya steringi ina waya, na kijana aliyezaliwa 2005 anacheka mahali pasipostahili kicheko. Ya kutisha inastahimili, kwa sababu nyumba iliyo peke yake, taa inayozimika na mlango unaojifungua wenyewe bado ni vilevile. Picha chafu haiidhuru, pengine hata huinufaisha. Giza linaficha ufukara wa mtengenezaji, na kile kisichoonekana mtazamaji hukijaza mwenyewe, bila malipo.

Ndiyo maana hesabu za biashara hii hazifanani na za filamu nyingine. Mwaka 1968, George Romero na wenzake wa Pittsburgh, Marekani, walitoa Night of the Living Dead, iliyogharimu takriban dola 114,000. Mapato yake yalikuja kukadiriwa kufika dola milioni 30. The Blair Witch Project ya 1999 ilipigwa kwa takriban dola 60,000 ikaingiza karibu dola milioni 248. Paranormal Activity, iliyofika katika kumbi za sinema duniani mwaka 2009, ilianza na dola 15,000, yaani karibu shilingi milioni 2 kwa kiwango cha sasa, pesa ambazo hazikununulii matatu mpya ya viti 14. Ikaingiza zaidi ya dola milioni 190. Hao ni washindi, bila shaka. Nyuma ya kila mmoja wao ziko filamu chungu nzima ambazo hakuna aliyezinunua. Lakini aliyepoteza dola 15,000 anaweza kuinuka akajaribu tena, na aliyepoteza milioni 50 huchukua studio nzima akazama nayo.

Filamu ya Romero ina mkasa mwingine ambao wauza flashi wa Kisii wangeufurahia. Mwanzoni iliitwa Night of the Flesh Eaters. Jina lilipobadilishwa dakika za mwisho, wasambazaji walisahau kurudisha alama ya hakimiliki kwenye picha, na kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, kosa hilo liliifanya kuwa mali ya umma. Kila mwenye mashine ya kunakili akanakili, kila kituo cha televisheni kikarusha. Romero alipoteza pesa nyingi, lakini filamu yake ikafika mahali ambapo hakuna mwakilishi wa mauzo angeipeleka. Tena inavunja kanuni ambayo kila mtoto wa vibanda vya video anaijua, kwamba steringi hafi. Ben, aliyeigizwa na Duane Jones, mwigizaji mweusi aliyepewa nafasi ya kwanza katika Marekani ya 1968, anawashinda mazombi usiku kucha, kisha asubuhi anapigwa risasi na waliokuja kuokoa watu, wakidhani naye ni zombi.

Kisii haikuhitaji mtu asahau alama yoyote ndipo ianze kunakili. Tusifichane: sehemu kubwa ya kinachojazwa kwenye flashi haina leseni ya mwenye mali, ingawa Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya 2001 na bodi ya kuisimamia. Biashara inajiendesha kwa dhana kwamba mwenye mali yuko mbali na shilingi 20 ni ndogo mno kumfanya apande ndege. Netflix ilipofungulia Wakenya huduma ya bure kwenye simu za Android Septemba 2021, wengi walitarajia duka la flashi life. Huduma hiyo ilifungwa Novemba 2023. Flashi bado ipo, maana haili bando.

Kabla ya flashi kulikuwa na kibanda cha video, na vichache bado vipo katika masoko kama Keroka, Nyansiongo, Kebirigo na Ogembo. Kibanda cha kawaida ni mabati na mbao, mabenchi ya mbao, pazia zito mlangoni la kuzuia mwanga na macho ya wasiolipa, runinga moja na spika mbili zilizoinuliwa hadi ziguse dari. Jua likiwaka ni tanuri. Mvua ikinyesha ni hifadhi, na hapa mvua za alasiri hazikosekani karibu mwaka mzima. Anayesubiri ikatike anaona heri alipe shilingi 20 akae pakavu.

Kwa mwenye kibanda, filamu ya kutisha ina sifa ambayo wahakiki wa sanaa hawaitaji: ni fupi. The Blair Witch Project ni dakika 81, The Evil Dead 85. Sholay ya India inapita saa tatu. Chukua kibanda cha watu 40 kinachotoza shilingi 20. Kila kikijaa ni shilingi 800. Kuanzia saa nane mchana hadi saa mbili usiku, muvi ya Kihindi ya urefu huo inakupa mzunguko mmoja tu kamili, ya kutisha inakupa minne. Toa kodi ya chumba, tokeni za stima, leseni na mshahara wa kijana wa mlangoni, ndipo utaona ni mzunguko upi unaokuachia faida. Na kwa vile mayowe hayahitaji tafsiri, muvi yenye maneno machache humfaa aliyeacha shule darasa la nne sawasawa na mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisii.

Siku hizi mpira wa Uingereza ndio unaolipa kodi ya chumba wikendi. Filamu zimeachiwa siku za katikati ya juma. Vibanda vingine vimegeuka vyumba vya michezo ya video. Juu ya hayo kuna serikali. Bodi ya Uainishaji wa Filamu, inayofanya kazi chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Jukwaani, sura ya 222, inataka kila anayeonyesha filamu kwa umma awe na leseni, na filamu iliyopewa alama ya 18 isionyeshwe kwa watoto. Muvi za kutisha nyingi huangukia hapo. Shule zikifungwa, machifu hupita wakifukuza watoto vibandani, na mwenye kibanda anayekubali kupoteza wateja hao wakati wa likizo anajua fika kwamba jirani yake hajakubali.

Aliyeongeza thamani kweli katika mnyororo huu ni msimulizi. Tanzania ilikuwa na Lufufu, Uganda ina maviijei (VJ) wake, na Kenya ikampata DJ Afro, ambaye sauti yake ilitawala vibanda na matatu za masafa marefu kwa miaka mingi. Msimulizi huchukua muvi asiyoimiliki, akaitoa mle ilimokuwa, akawapa wahusika majina mapya, akawasema, akawaonya, akawacheka. Kwa filamu ya kutisha kazi yake huwa ya ajabu zaidi: anapunguza woga kwa mzaha bila kuuondoa. Binti anashuka gizani kwenye ngazi za chini ya nyumba, na msimulizi anamuuliza kwa Kiswahili cha mtaani anatafuta nini huko ilhali stima imepotea. Kibanda kizima kinaangua kicheko, kisha jini linatokea na benchi la mbele linarudi nyuma kwa pamoja. Mteja amelipa mara moja akapata bidhaa mbili.

Thamani ya sauti hiyo ilithibitishwa Kampala. Nabwana Isaac wa mtaa wa Wakaliga alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa bajeti anayoitaja kuwa chini ya dola 200. Si ya kutisha, ni ya risasi na damu, ila udugu wake na za kutisha hauna shaka. Damu yenyewe mwanzoni ilikuwa ya ng'ombe, hadi mwigizaji mmoja akaugua. Wakahamia rangi ya chakula iliyotiwa ndani ya kondomu za bure. Diski ziliuzwa mkono kwa mkono katika siku za kwanza, kabla wanakili hawajaamka. Nakala asilia ya filamu ilifutika kwenye kompyuta kwa kukosa nafasi, ikabaki ile yenye sauti ya VJ Emmie akisimulia na kupiga kelele juu yake. Hiyo ndiyo iliyopendwa na dunia, na kwa watazamaji wa Ulaya na Marekani sauti ya Emmie ni nusu ya utamu.

Sasa turudi Kisii, milimani. Gusii, yaani kaunti za Kisii na Nyamira, ni mnunuzi mkubwa wa hofu ya wengine. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, karibu milioni 1.9 wanaoelewana kwa Ekegusii, wenye redio kama Egesa FM za kuwatangazia bidhaa kwa lugha yao. Malighafi imejaa. Kuna ukungu wa mashamba ya chai ya Nyansiongo alfajiri, kuna shimo la Ngoro ya Mwaga katika milima ya Manga na masimulizi yake, kuna bibi ambaye hakosi kisa cha omorogi, yaani mchawi, anayekimbia uchi usiku huku moto ukiwaka na kuzima mkononi mwake. Kwa kamera ya simu, moto unaowaka na kuzima gizani haugharimu hata shilingi, na unatisha kuliko zombi yeyote wa Pittsburgh. Wengine walishaonyesha njia. Mussa Banzi wa Dar es Salaam alitumia majini na mashetani wa kwao kutengeneza Nsyuka na Shumileta mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kenneth Nnebue, mfanyabiashara wa kanda tupu za video nchini Nigeria, alianzisha soko zima mwaka 1992 kwa Living in Bondage, kisa cha mume anayemtoa mkewe kafara ili atajirike, kisha mzimu wake ukamwandama.

Hata hivyo, kinachopakiwa mitandaoni kwa Ekegusii kwa wingi ni vichekesho. Baba mlevi, mama mkwe, mchungaji wa uongo. Sababu ya kwanza ni ya kibiashara: kichekesho cha dakika tano hupigwa mchana, hakihitaji taa, na mtu hukisambaza kwa jamaa zake bila kufikiri mara mbili. Sababu ya pili ni nzito. Mei 2008, watu 11, wengi wao wazee, waliteketezwa kwa moto Kisii kwa kushukiwa kuwa wachawi. Oktoba 2021, huko Marani, wanawake wanne wazee waliuawa kwa tuhuma hizohizo. Katika nchi ambayo omorogi anaweza kuwa bibi wa jirani, na jirani akaja na petroli, mtengenezaji wa filamu hana anasa ya kusema ni hadithi tu. Nigeria ilishaonja. End of the Wicked ya 1999, iliyotayarishwa na kanisa la Helen Ukpabio, iliwaonyesha watoto wakiwa wachawi, na watetezi wa haki za watoto waliilaumu kwa kuchochea shutuma zilizowaangukia watoto halisi.

Mimi siamini kwamba dawa ni kuacha. Romero hakuwa na haja ya kumtaja mchawi yeyote. Kitisho kikubwa cha filamu yake ni kundi la watu wenye bunduki na uhakika. Muvi ya Ekegusii yenye bibi kizee ndani ya nyumba usiku mmoja, na umati unaokaribia nje, ingetengenezwa kwa bajeti ya sherehe ya mahari. Ingetisha kwa haki, na hakuna mtu angetoka kibandani akimtafuta jirani mwenye macho mekundu.

Soko lake lipo, ila ugumu uko kwenye malipo. YouTube haikupi mgao wowote wa matangazo hadi ufikishe wafuasi 1,000 na, kwa video ndefu, saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Ukifika, mtazamaji wa Kenyenya hukuletea senti chache, kwa sababu watangazaji hulipia kidogo kumfikia. Mtazamaji anayeleta pesa nzuri yuko Minnesota, Marekani, ambako Wakisii wamejenga makao makubwa, na ambaye usiku wa baridi angefurahia kutishwa kwa lugha ya mamake. Lakini tangu Juni 2021 Google hukata kodi ya Marekani kwenye mapato yanayotokana na watazamaji wa huko, na kwa kuwa Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, mkato huo hufika asilimia 30. Kwa upande wa nyumbani, Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka asilimia 5 kwa mapato ya maudhui ya mtandaoni, baada ya pendekezo la asilimia 15 kupigiwa kelele. Anayepanga kupiga muvi yake Manga aanze na hesabu hizo, kisha aamue kama wiki ya kwanza ataipeleka YouTube au ataizungusha mwenyewe kwa flashi kutoka Keroka hadi Suneka, kama walivyofanya wale wa Wakaliga na diski zao, kabla ya yule kijana mwenye diski ngumu mbili tatu kuiingiza kwenye folda yake.