Udi wa Marehemu Baba Warudi Cairo

Wapo wasafiri waendao Misri kutazama mapiramidi. Mimi, msomaji wangu, niliyaona kwa mbali kupitia dirisha la teksi nikapita zangu. Safari yangu haikuwa ya makaburi ya Mafirauni. Nilikuwa nimepakata udi uliopasuka, nimeuviringisha blanketi kama mtoto mgonjwa, na ndani ya tumbo lake mna kijikaratasi kilichofifia chenye maneno haya ya Kiarabu: Misri, Shari' Muhammad Ali.

Udi huo ni wa marehemu baba. Nilipokuwa mdogo, huko Mji wa Kale, Mombasa, baba aliupiga katika arusi za ndugu na majirani. Kisha Mola akamjaalia kwenda kuhiji. Aliporudi aliuweka juu ya kabati. Hakuuuza, hakuuvunja, wala hakuupiga tena hata mauti yalipomfika. Sikuthubutu kumwuliza sababu. Na mwalimu wangu wa chuoni, Mungu amrehemu, alikuwa na bakora tayari kwa kila mtoto aliyepiga mluzi. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya muziki tangu kale, nami si mtu wa kuwaamua. Lakini udi umeniangukia mimi kuwa urithi, na mrithi hana budi kukata shauri: autengeneze ulie, au auache ulale?

Pengine utauliza, kwa nini usitengenezwe papa hapa pwani? Ningeweza. Lakini wahenga walinena, mwacha asili ni mtumwa, na asili ya udi huu ni Cairo, kama ilivyo asili ya sehemu kubwa ya taarabu yetu. Yasimuliwa kwamba Sayyid Barghash, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, alipendezwa mno na muziki wa Kimisri, akamtuma Muhammad Ibrahim aende Cairo kujifunza kanuni. Mwaka 1905 vijana wa Unguja wakaunda chama chao, Nadi Ikhwan Safaa, na ala zao zikawa hizo hizo za Misri. Hata neno lenyewe, tarab, ni la Kiarabu: ni ile hali ya moyo kutikisika kwa sauti nzuri.

Basi nilifika. Jambo la kwanza lililonipata lilikuwa aibu. Kiarabu changu ni cha msahafu na vitabu. Nilipomwuliza dereva njia, alinitazama kama muuza samaki wa Marikiti angemtazama mtu aulizaye bei ya changu kwa lugha ya hotuba ya Ijumaa. Alicheka, nami nikacheka, tukaelewana.

Nilianzia barabara ya Ramses, ilipo Taasisi ya Muziki wa Kiarabu, jengo la kupendeza lililofunguliwa zama za Mfalme Fuad. Mwaka 1932 mji huu ulikaribisha mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu. Walikuja wapigaji kutoka Iraki, Shamu, Tunisia, Aljeria na Moroko, na wataalamu wa Ulaya, miongoni mwao Béla Bartók wa Hungaria. Nyimbo zao zikanaswa katika santuri. Hapo palizuka mjadala mkali: je, piano iingizwe katika muziki wa Kiarabu? Maana piano hutoa sauti nzima na nusu tu, na maqam kama Rast na Bayati huhitaji robo pia. Cha ajabu ni kwamba wapo Wazungu walioihofia piano kuliko baadhi ya Waarabu wenyewe! Humo jengoni mmewekwa pia makumbusho ya Mohammed Abdel Wahab, aliyefariki 1991, ambaye hakuogopa kuchanganya cha kale na kipya. Wapo waliomlaumu, lakini walimsikiliza.

Kutoka hapo nilikwenda uwanja wa Opera. Usinicheke, msomaji: nilisimama nikiitafuta Opera, kumbe nimesimama mbele ya jengo la kuegeshea magari. Opera ya Khedive Ismail, iliyofunguliwa 1869, mwaka wa kufunguliwa Mfereji wa Suez, iliteketea kwa moto tarehe 28 Oktoba 1971. Nyingine ilijengwa kwa msaada wa Japani katika kisiwa cha Gezira ikafunguliwa 1988. Ya zamani imebakia jina la uwanja tu. Niliukumbatia udi wangu, nikawaza kwamba kitu kisichotunzwa huweza kubakia jina.

Siku ya pili nilivuka hadi kisiwa cha Rawda, pale Mto Nili unapogawanyika. Hapo pana kisima cha kupimia maji ya mto kilichojengwa 861, zama za Khalifa Mutawakkil, na hatua chache tu kutoka hapo, katika jumba la Manesterly, ndipo yalipo makumbusho ya Umm Kulthum, yaliyofunguliwa 2001.

Sisi tuliokua miaka ya sabini tulimjua bibi huyu kabla ya kumjua. Sauti yake ilitoka katika redio za wazee barazani, na sisi watoto tulikatazwa kupiga kelele. Makumbushoni nimeiona miwani yake myeusi, leso aliyokuwa akiishika mkononi jukwaani, magauni yake, barua na nishani. Vyote vimepangwa nyuma ya vioo, vimya kabisa.

Lililonigusa zaidi lilikuwa habari za utotoni mwake. Alizaliwa kijiji cha Tamay, katika jimbo la Daqahliyya, binti wa imamu wa msikiti. Alisoma chuoni kama nilivyosoma mimi. Babake alipomchukua kwenda kuimba kasida alimvika nguo za kiume, asije akasemwa. Wajuzi wa Misri husema kwamba matamshi yale, ambayo hakuna herufi iliyopotea, ni matunda ya kusoma Qur'ani. Alipofariki, tarehe 3 Februari 1975, umati uliojaa barabarani ulilitwaa jeneza mikononi mwa wachukuzi, ukalipitisha kichwani kwa kichwa hadi msikiti wa Sayyidna Husein.

Nami jioni hiyo niliswali Magharibi katika msikiti huo huo. Msomaji alisoma kwa lahani ya Bayati, ile ile wanayoianzia wasomaji wetu wengi wa pwani bila kuijua jina. Nikamkumbuka Sheikh Mohamed Rifaat, kipofu aliyefariki 1950, ambaye kisomo chake ndicho kilichoifungua redio ya Misri mwaka 1934. Kisomo ni kisomo na wimbo ni wimbo, hilo najua. Lakini masikio yaliyofunzwa na kimoja huutambua uzuri wa kingine.

Siku ya tatu ndiyo niliyoiogopa. Nilikwenda mtaa wa Muhammad Ali. Ni barabara ndefu iliyokatwa zama za Khedive Ismail, kuanzia Azbakiyya kuelekea ngomeni. Zamani ndio uliokuwa mtaa wa wapigaji na wachezaji. Ukitaka watu wa arusi, hukwenda kwingine. Sasa nimekuta maduka mengi ya fanicha, vitanda na makabati, na kati yao maduka ya ala, udi zikiwa zimetundikwa mlangoni kama ndizi.

Niliingia karakana moja ndogo. Mzee mmoja aliyejaa vumbi la mbao alinikaribisha chai. Nilifungua blanketi. Hakusema neno. Aliugeuza udi, akaugonga mgongoni kwa kidole, akachungulia tunduni kwa kurunzi, akakisoma kile kijikaratasi.

"Ya hagg," akaniambia, "huu ni mtoto wa mtaa huu. Tumbo lake ni zima. Uso umepasuka, na vijiti vinavyoushikilia kwa ndani vimeanguka. Nikiuziba ufa, utapendeza ukutani. Ukitaka ulie, sina budi kuutia uso mpya."

"Na sauti yake, usta, itakuwa ile ile?"

"La. Sauti ni uso. Itakuwa sauti nyingine katika tumbo lile lile."

Nilinyamaza. Kisha, sijui kwa nini, nikamweleza mtu huyu nisiyemjua jambo ambalo sikuwaeleza ndugu zangu: kwamba mwenyewe aliuacha kwa hiari yake baada ya kuhiji, nami nachelea kuufufua alichokizika.

Mzee aliunyanyua udi usawa wa jicho lake, akautazama urefu wa shingo kama seremala atazamavyo ubao.

"Ulikaa miaka mingapi bila kupigwa?"

"Yapata thelathini."

"Shingo hii imenyooka. Udi ukiachwa na nyuzi zimekazwa, nyuzi huuvuta, shingo ikapinda. Huyu bwana alizilegeza. Na si mara moja. Nyuzi hizi si za zamani sana. Ya hagg, babako hakuuzika. Aliuweka."

Ndipo nilipokumbuka. Kila mwaka, siku chache kabla ya Ramadhani, baba alikuwa akipanda kiti na kitambaa mkononi, akiufuta udi vumbi. Mlango huwa umerudishwa. Sisi tulidhani anasafisha kabati.

Nilimwambia fundi autie uso mpya, lakini kijikaratasi asikiguse. Nilirudi baada ya siku nne. Aliutia nyuzi, akapiga kidogo, Rast, polepole. Haikuwa sauti ya baba, nami sikutarajia iwe. Ilikuwa kali kidogo, kama ya kijana aliyeanza kubaleghe. Fundi alisema italainika kadiri itakavyopigwa, na kwamba mwenye kuiharibu ni yule atakayeitundika tu.

Mimi si mpigaji. Kwa hiyo nimekwisha kumpa kijana mmoja wa mtaani petu mwenye vidole vyepesi, kwa sharti mbili: apunguze sauti wakati wa adhana, na akishamaliza kupiga, azilegeze nyuzi. Ndugu yangu mkubwa hakupenda, na tumelizungumza kwa heshima. Jioni moja nilimwona amesimama nje ya dirisha la kijana yule, kofia mkononi, anasikiliza.

Udi uliotulia, juu ya kabati lako,
Leo nimeutwalia, dawa kwao utokako,
Ukilia nasikia, baba mkono ni wako,
Uso mpya si wa kwako, tumbo liko vilevile.